Ziwa Juu ya Kichwa: Mwongozo wa Kupima Hatari ya Mafuriko ya Maziwa ya Barafu, kwa Aliyekaa Tanga

Sisi wa Tanga barafu tunaijua ya kwenye tenga la samaki na ya kwenye glasi ya ukwaju. Ndiyo maana vijana ninaowafundisha kuchora ramani kwa kompyuta, katika chumba cha kupanga huku Ngamiani, hucheka nikiwawekea picha ya Himalaya. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mtu wa Muheza na barafu wapi na wapi?"

Nikamwambia mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mezani, kwa picha za setilaiti zinazopatikana bure, na aliye Tanga anazipata sawasawa na aliye Kathmandu. Pili, maswali yanayoulizwa kule ndiyo ya kuuliza chini ya milima ya Usambara: maji yamekaa juu, watu wamekaa chini, na katikati kuna kitu kinachoyazuia. Wengi hukimbilia kuuliza ziwa lina ukubwa gani. Mimi nataka uanze na kile kinachozuia, na kile kinachoning'inia juu ya maji. Ukubwa utafuata.

Niondoe hofu moja kwanza. Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanateremka Korogwe na Hale hadi baharini pale Pangani mjini. Hivyo wapo wanaodhani barafu ya Kilimanjaro ikiyeyuka yote tutazama. La. Mwaka 1912 barafu ile ilifunika kama kilomita za mraba 12, mwaka 2007 zilibaki chini ya 2, na mto haukufurika kwa sababu hiyo. Maji ya Pangani ni ya mvua inayonyesha kwenye ukanda wa misitu, na kule kileleni hakuna ziwa kubwa lililozuiwa na kifusi. Tunayoyazungumzia hapa yako Nepal, Bhutan, India, Pakistan, Peru, Alaska na kwingineko ambako mito ya barafu, inayoitwa barafuto, inarudi nyuma na kuacha mashimo yanayojaa maji.

Hatua ya 1: Lipate ziwa, na ulipate katika miaka tofauti

Fungua Google Earth ulizoee bonde lenyewe, ulizungushe, ulitazame kwa ubavu. Kisha chukua picha za Sentinel-2, ambazo kila nukta yake ni meta 10 kwa 10 na setilaiti zake hupita kila baada ya siku 5 hivi. Kwa historia tumia Landsat, iliyoanza mwaka 1972. Programu ya kuchora ramani ya QGIS inatosha kwa kazi yote na hailipiwi.

Maji hutambuliwa kwa hesabu ndogo: chukua mwanga wa kijani, toa mwanga wa infraredi ya karibu, ambao setilaiti huuona ila jicho haliuoni, gawanya kwa jumla ya hiyo miwili. Jibu likiwa juu ya sifuri, mara nyingi pale pana maji. Jizoeze kwanza kwenye bwawa la Mabayani au Nyumba ya Mungu, kwa kuwa umbo lake unalijua na kosa utaliona mara moja.

Nasema mara nyingi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuchora "maziwa" 7 katika bonde moja la Nepal, nikafurahi, nikamwonyesha mwenzangu. Matano yalikuwa vivuli vya milima. Kivuli kirefu kina rangi ya maji kabisa machoni pa kompyuta. Dawa yake ni kuweka safu ya mteremko chini ya mchoro wako: maji hayalali kwenye ukuta. Dawa ya pili ni kuchagua tarehe. Himalaya mawingu ya masika yao hutanda Juni hadi Septemba, na baridi ikikolea ziwa huganda na hesabu ile hushindwa. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yangu.

Chora mzingo wa ziwa kwa picha za kama kila miaka 5. Unachotaka kujua ni kama linakua, na linakulia upande gani. Likikua kuelekea barafuto, huenda linasogea chini ya kuta zenye barafu inayomong'onyoka. Hilo ni baya kuliko kuongezeka kwa maji peke yake.

Hatua ya 2: Nini kinayazuia maji?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Vizuizi ni vya namna tatu.

Mwamba mzima ndio unaoaminika zaidi. Maji yanaweza kuruka juu yake, lakini ukuta wenyewe hauvunjiki. Barafu ni ya pili: barafuto imefunga mdomo wa bonde la pembeni, maji yanajaa nyuma yake hadi yapate upenyo chini, yanatoka, kisha barafu inaziba tena. Maziwa haya ni ya waja leo waondoka leo, kama tunavyoambiwa watu wa Tanga. Juneau, Alaska, bonde la Suicide Basin limekuwa likimwaga maji yake karibu kila mwaka tangu 2011, na wenyeji wameshajua msimu wake.

Namna ya tatu ndiyo iliyoua wengi: tuta la kifusi, wataalamu huliita moreni. Ni mawe, mchanga na udongo uliosukumwa na barafuto enzi ilipokuwa nene, kisha ikarudi nyuma na kuliacha tuta limesimama. Hakuna aliyelishindilia, hakuna aliyelipima. Likianza kukatika, maji yenyewe hulichimba, ufa unapanuka, maji yanazidi, ufa unapanuka tena. Halirudi likaziba.

Ukilitazama tuta, jiulize haya. Je, ni jembamba na refu kwenda juu, au ni pana na limelala? Pana ni afadhali. Uso wake wa nje umesimama kiasi gani? Kati ya maji na sehemu ya chini kabisa ya ukingo kuna meta ngapi? Nafasi hiyo ndiyo inayomeza wimbi. Ikiwa ni meta 2 tu, wimbi dogo litapita juu. Maji hutoka wapi: kwa mfereji ulio wazi, au yanapenya ndani ya tuta na kuchuruzika chini? Ukiona madoa ya unyevu au chemchemi kwenye uso wa nje, ziandike, na mwaka unaofuata uangalie kama zimehama au zimeongezeka.

Halafu kuna barafu iliyozikwa. Tuta linaweza kuonekana ni mawe matupu kumbe moyo wake ni barafu, na barafu hiyo ikiyeyuka tuta linashuka polepole bila kelele. Dalili yake kwenye picha ni vidimbwi vya duara vinavyozaliwa juu ya tuta na kuungana, na uso uliojaa mashimo na vichuguu. Kwa hakika kamili watu hupita na mitambo ya umeme au ya rada ardhini. Wewe mezani andika tu "huenda ipo", ili atakayepanda kule ajue cha kutafuta.

Hatua ya 3: Nini kinaning'inia juu yake?

Tuta lililokaa miaka 50 halivunjiki bila sababu. Mara nyingi kitu huanguka majini, wimbi linapanda, linavuka tuta na kuanza kulikata. Agosti 4, 1985, Dig Tsho huko Nepal ilipigwa na poromoko la barafu. Wimbi lilivuka, tuta likakatika, na kituo cha umeme wa maji kilichokuwa karibu kumalizika pamoja na madaraja 14 vikaenda na maji. Ziwa lenyewe halikuwa kubwa.

Usiku wa Oktoba 3, 2023, South Lhonak huko Sikkim, India, kilichoanguka hakikuwa barafu ya juu bali ubavu wa tuta lenyewe, ulioganda mwaka mzima, zaidi ya meta za ujazo milioni 14 za kifusi. Maji yaliyotoka yalibomoa bwawa la umeme la Chungthang lenye uwezo wa megawati 1,200. Ziwa lile lilikuwa kwenye orodha ya maziwa hatari kwa miaka mingi, na vyombo vya tahadhari vilikuwa vimeanza kufungwa wiki chache kabla. Kisa hiki humfundisha mpimaji kutazama pande zote, pamoja na kingo za pembeni ambazo macho huzipita.

Kwa hiyo zunguka ziwa lote. Tafuta barafu inayoning'inia kwenye genge, miamba yenye nyufa, makovu ya maporomoko ya zamani, ziwa dogo lililo juu zaidi ambalo likimwagika litaangukia hili. Kisha pima kama kinaweza kulifikia. Kanuni ya kazi kwa poromoko la barafu ni pembe ya nyuzi 17 kutoka linapoanzia hadi linapoishia, maana yake linasafiri mlalo kama mara 3.3 ya kimo linachoshuka. Barafu iliyo meta 600 juu ya ziwa inaweza kufika karibu kilomita 2. Ziwa likiwa ndani ya umbali huo, weka alama nyekundu.

Hatua ya 4: Ujazo na nguvu ya mmiminiko

Eneo unalo tayari. Kina huna, na kwenda kutia bildi kwenye ziwa lililo meta 4,500 juu ya usawa wa bahari si kama kuitia pale bandarini. Wapo wanaopanda na boti ya mpira na mtambo wa mwangwi, na kazi yao ndiyo ya kuaminiwa. Wakati huohuo kuna kanuni ya makisio iliyotolewa na Christian Huggel na wenzake mwaka 2002: ujazo ni sawa na 0.104 mara eneo lililopandishwa kwa kipeo cha 1.42, eneo likiwa kwa meta za mraba na ujazo kwa meta za ujazo.

Tufanye mfano. Ziwa lina meta za mraba 100,000, yaani viwanja 14 vya mpira vya ukubwa wa kimataifa. Mfikirie Mkwakwani mara 14. Kanuni inatoa ujazo wa meta za ujazo milioni 1.3, na kina cha wastani cha meta 13. Likiwa limezuiwa na tuta la kifusi, makisio ya hali mbaya huchukulia kwamba linamwagika lote kwa sekunde 1,000, kama robo saa na kidogo, na kilele cha mmiminiko ni mara mbili ya wastani. Zidisha 1.3 milioni kwa 2, gawanya kwa 1,000: meta za ujazo 2,600 kwa sekunde. Ni sawa na malori 260 ya mchanga ya kubiki kumi yanayopita mbele yako kila sekunde.

Sasa maji yaleyale yafungwe na barafu na yatoke kwa kupitia tundu la chini. Kanuni ya Clague na Mathews ya mwaka 1973 inasema kilele ni 75 mara ujazo, kwa mamilioni ya meta za ujazo, uliopandishwa kwa kipeo cha 0.67. Jibu: kama 90 kwa sekunde. Kutoka 2,600 hadi 90, kwa ziwa lilelile! Ndiyo maana nilikukalisha sana kwenye hatua ya pili.

Usizichukue namba hizi kama bei ya dukani. Kanuni ya ujazo inaweza kukosea kwa nusu au mara mbili, hasa ziwa likiwa na umbo la ajabu, na si lazima ziwa lote litoke. Andika kiwango cha chini na cha juu, usiandike "1,309,274" kwa sababu tu kompyuta imekupa tarakimu hizo.

Hatua ya 5: Fuata maji

Gawanya kimo maji yanachoshuka kwa umbali wa mlalo. Kijiji kikiwa meta 800 chini ya ziwa na umbali wa kilomita 4, uwiano ni 0.20, pembe ya zaidi ya nyuzi 11 kidogo. Mpaka hapo tope zito lenye mawe ya ukubwa wa nyumba linaweza kufika. Kijiji kingine kiko chini kwa meta hizohizo 800 lakini umbali ni kilomita 14: uwiano 0.057, zaidi ya nyuzi 3. Huko tarajia maji machafu yenye kasi, mawe makubwa yamebaki nyuma. Chini ya nyuzi 3 makisio haya rahisi hukoma, ila mafuriko hayakomi. Oktoba 7, 1994, Luggye Tsho ya Bhutan iliua watu 21 huko Punakha, makumi ya kilomita chini ya ziwa.

Ramani ya miinuko inayotumiwa na wengi, SRTM, ilipigwa Februari 2000. Ziwa lililozaliwa baada ya hapo litaonekana kwenye ramani hiyo kama mgongo wa barafu, na tuta lililoshuka litaonekana bado refu. Nimeona mtu akipima nafasi ya ukingo kwa ramani ya 2000 na maji ya 2022, akapata meta 30 za usalama ambazo hazipo. Tumia ramani mpya ya Copernicus, na hata hiyo angalia tarehe.

Njiani weka alama penye koo jembamba, mahali mto unapopinda kwa ghafla, matuta ya zamani ya mchanga yanayoweza kuchimbwa, na kila daraja na bwawa. Koo likizibwa na magogo na mawe, maji yatajaa nyuma yake kisha yatoke mara ya pili kwa nguvu mpya. Huaraz, Peru, Desemba 13, 1941, ziwa Palcacocha lilipovunja tuta lake lilishuka hadi ziwa la pili bondeni, nalo likavunjika. Waliokufa walikuwa si chini ya 1,800 kwa makadirio ya tahadhari.

Hatua ya 6: Nani yuko chini

Hesabu nyumba, lakini hesabu pia saa. Shule ina watu mchana, nyumba ina watu usiku, soko lina watu siku moja kwa wiki, na wapandaji milima hujaza nyumba za wageni kwa msimu. Kambi ya vibarua wa ujenzi wa bwawa haimo kwenye ramani yoyote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria watu milioni 15 duniani wanaishi mahali yanapoweza kufika mafuriko haya, zaidi ya nusu yao wakiwa India, Pakistan, Peru na China.

Kuna kitu setilaiti haikuambii: wazee. Kila bonde lina mzee anayejua mto ulifika wapi mwaka fulani, na jina la mahali mara nyingi limebeba habari hiyo. Muulize kwa adabu, mpe muda, usimkatize na ramani yako.

Hatua ya 7: Andika hukumu

Mwongozo wa kimataifa wa GAPHAZ, kundi la wataalamu wa hatari za barafuto, wa mwaka 2017 unaelekeza kuandaa visa vitatu: kidogo, cha kati na kikubwa, kila kimoja na uwezekano wake na nguvu yake. Ni utaratibu mzuri. Unakuzuia kumtisha mtu kwa kisa kibaya kuliko vyote peke yake, na unakuzuia kumlaza kwa kile kidogo. Eleza kila alama umeipataje, na wapi umekisia.

Hesabu hizi zimeshafika hadi mahakamani. Mkulima wa Huaraz aliishtaki kampuni ya umeme ya RWE kwa mchango wake katika joto la dunia, na Mei 28, 2025 mahakama ya Hamm, Ujerumani, ilitupa dai lake kwa kuwa uwezekano wa mafuriko ya Palcacocha kuifikia nyumba yake katika miaka 30 ulikadiriwa kuwa kama asilimia 1. Ila ilikubali kwamba kimsingi mchafuzi mkubwa anaweza kuwajibishwa. Kesi nzima ilielemea kwenye aina ya karatasi unayoiandika wewe.

Baada ya hukumu, kuna tiba mbili kuu: kupunguza maji na kuwahi watu. Tsho Rolpa ya Nepal ilishushwa meta 3 mwaka 2000, Imja meta 3.4 mwaka 2016. Kushusha maji hivyo ni ghali. Ving'ora ni rahisi zaidi, lakini vinahitaji betri na mtu wa kuvikagua, na mradi ukiisha huyo mtu ndiye wa kwanza kuondolewa.

Jaribu nyumbani

Chukua maswali yaleyale upande nayo Usambara. Hatuna barafuto, tuna malambo ya mashamba juu ya vijiji, tuna tuta la barabara lenye kalavati moja, tuna poromoko linaloweza kuziba kijito usiku mmoja. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, Mai Mahiu nchini Kenya, tundu la kupitishia maji chini ya tuta la reli liliziba, maji yakajaa nyuma yake hadi tuta likashindwa. Zaidi ya watu 40 walikufa. Hapakuwa na ziwa kwenye ramani, lilijengeka kwa mvua za siku chache. Na Desemba 3, 2023, Katesh chini ya mlima Hanang, kilichoshuka kilikuwa tope, mawe na magogo. Waliokufa walizidi 80.

Kwa hiyo mvua ikipungua kidogo, panda na kijito chako kuanzia mtaani. Kila penye tuta la barabara, tazama kalavati upande wa juu, ambako takataka na matawi hukwama, si upande wa chini ambako ni pasafi. Pima kwa kamba upana wa tundu na kimo cha tuta. Kijito kikikauka ghafla huku mvua inanyesha, usisubiri kujua sababu: maji yamezuiwa mahali huko juu. Toa watu kando ya mto kwanza, kisha mpigie mwenyekiti wa kijiji na Zimamoto, 114.

Yule kijana wa Muheza alikwenda Amani na kamba yake. Amerudi na kalavati 11 kwenye daftari, mbili zimeziba zaidi ya nusu, na ameanza kuulizia ziwa la kuchora Bhutan.